Leso Haijakatwa Bado

Ukiingia Biashara Street, Mombasa, kwa upande wa Digo Road utawakuta mafundi wameketi barazani mbele ya maduka ya leso, kila mmoja na cherehani yake na mkasi mkubwa karibu na mkono. Kazi yao ukiitazama ni ndogo. Leso hutoka kiwandani mbili mbili zikiwa zimeungana, doti nzima kipande kimoja. Mteja akishalipa humpelekea fundi, naye akaikunjua, akatafuta mstari wa katikati, akakata, kisha akapinda ncha zisifumuke. Ni dakika chache na shilingi chache. Kabla mkasi haujapita, muuzaji muungwana atakubali uirudishe: umebadili rangi, umebadili jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, umekumbuka kwamba wifi yako anayo kama hiyo. Mkasi ukishapita, mazungumzo yamekwisha.

Nimeishi na kazi ya mtaa huu tangu ujana, na kila vijana wanaponiuliza kuhusu kushindwa kuamua kazini huwa nawarudisha kwa yule fundi. Wengi wetu tunaishi kana kwamba kila jambo lililo mbele yetu ni mkasi. Tunaulizwa tuchukue mzigo upi, tunajibu yote ni mizuri. Tunapewa nafasi ya kuongoza kazi, tunasema tutafikiria. Barua inakaa siku tisa bila jibu. Kumbe katika mambo kumi tunayoyaogopa, tisa ni leso ambayo haijakatwa.

Nieleze yaliyonipata mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa katika duka moja la leso. Tajiri wangu alikuwa mtu mzima, mpole, akiandika daftari lake kwa mkono. Miezi kadhaa kabla ya Ramadhani alinipa sampuli sita akaniambia, "Wewe ndiye unayesimama na akina mama kutwa. Nichagulie tatu, na kila moja unipe jina lake. Jumatatu nataka jibu."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Niliwauliza akina mama waliokuja dukani, kila mmoja akataka yake. Nikamuuliza fundi wa barazani, nikamuuliza dada yangu, nikamuuliza mama. Kila jibu liliongeza uzito badala ya kuupunguza. Nyekundu itauza, lakini ikidoda je? Jina hili tamu, lakini akitokea mtu akasema limemlenga yeye? Jumatatu ilipofika nikasema, "Tajiri, bado naziangalia." Akaitikia, "Haya." Jumatano nikasema nimebakisha kidogo. Akaitikia tena, "Haya, mwanangu." Alhamisi nilipoingia sampuli hazikuwa kwenye rafu nilipoziacha. Alikuwa amempa dada mmoja aliyekaa kwenye sanduku la pesa, naye alichagua kabla ya adhuhuri.

Katika tatu alizochagua, mbili zilikwisha kabla ya Idd. Ya tatu haikwenda kabisa. Tuliiuza kwa bei ya kuondolea mpaka Ramadhani nyingine ikakaribia. Kosa hilo tajiri alilisema waziwazi mbele yetu sote, tukacheka, likaisha. Mwaka uliofuata sampuli zilipofika zilikwenda moja kwa moja mkononi mwa yule dada. Mwaka wa tatu ni yeye aliyekuwa akizungumza na wakala wa kiwanda. Mimi nilikuwa bado nakunja doti na kuzipanga rafuni.

Linalonichoma hadi leo ni kwamba sikukaripiwa hata siku moja. Ningekaripiwa ningeamka. Mtu akikosea kazini huambiwa, na akiambiwa hujifunza, au hukasirika akaondoka. Kwa vyovyote anajua aliposimama. Anayesita haambiwi kitu. Kazi humpita kimya kimya, kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mkubwa wake hamchukii. Humwona mtu mwema, mwaminifu, asiyeiba wala kuchelewa, ila akiwa na jambo la haraka hamwendei yeye. Miaka mitano ikipita mtu huyo hukaa akajiuliza kwa nini wenzake aliowafundisha kazi ndio wanaomtuma, na hapati siku yoyote ya kuinyooshea kidole, kwa kuwa haikuwa siku moja.

Na hasara haimwishii yeye. Nje ya duka kuna hamali amesimama na mkokoteni akingoja uamue mzigo uende stoo ipi. Ukikaa saa nzima, siku yake imepungua safari moja. Fundi anangoja ujue ni doti ngapi za kukata. Msichana uliyemwahidi kibarua cha msimu anangoja jibu lako ili ajue kama akatafute kwingine. Tunapozungumza juu ya kusita huwa tunazungumza kana kwamba ni ugonjwa wa ndani ya mtu mmoja. Wanaoulipia ni walio chini yake, na aghalabu ndio wenye uwezo mdogo wa kulipa.

Mtaa wenyewe unayo historia ya uamuzi ambayo naipenda. Huko nyuma, katika karne ya 19, husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso ndogo za mkononi zilizoletwa na Wareno, wakaziunganisha sita wakapata vazi moja, mpaka wafanyabiashara wakaona bora zichapishwe zikiwa kipande kizima. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kwa jina la Abdulla na ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, akaanza kuzitia leso zake alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, na mara nyingi akaongeza methali ya Kiswahili. Leso za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja herufi za Kirumi. Leo mtu wa pwani hanunui leso bila kusoma jina.

Tazama uzito uliomo humo. Leso isiyo na maneno humfaa yeyote. Ukishaiandika methali, umemchagua wa kuivaa na umemkosa mwingine. Itasomwa na mke mwenza, itasomwa na jirani, itasomwa na mkwe. Robota likitoka kiwandani limebeba neno lile lile mara nyingi mno, huwezi kupita na kalamu ukafuta. Huo ulikuwa mkasi wa kweli. Hata hivyo ulipita, na kwa sababu ulipita, mtaa ukapata kitu ambacho mwenye kuogopa kumkosa mteja mmoja asingekipata kamwe.

Sisi watu wa pwani tuna shida moja ya ziada, nami naisema kwa mapenzi. Tumelelewa kwa subira. Subira huvuta heri, haraka haraka haina baraka. Tumeyanyonya maneno haya pamoja na maziwa, na ni ya kweli. Basi mtu akikwama, anayo methali ya kujifunika. Anasita kwa hofu, anaita subira, na wanaomzunguka wanamheshimu kwa utulivu wake. Lakini wazee hao hao ndio waliotuachia neno ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndio waliosimulia habari ya fisi aliyefika njia panda, harufu ya nyama ikimjia kotekote, akatanua miguu azifuate njia zote mbili hata akapasuka.

Kipimo changu ni hiki. Mwenye subira anajua anachokingoja, na anajua takriban siku kitakapofika. Nahodha wa jahazi aliyekuja na kaskazi akatia nanga Bandari ya Kale alikaa miezi akiungoja upepo wa kusi umrudishe kwao. Huyo alikuwa na subira. Alijua pepo hugeuka, alijua ni baada ya mwezi gani, na wakati akingoja alikuwa akiuza tende, akinunua boriti, akitengeneza tanga. Sasa muulize mfanyakazi anayesema "tuone kwanza": tuone nini? Lini? Na tunafanya nini kwa sasa? Kama hana jibu hata la moja kati ya hayo matatu, hiyo si subira.

Wapo pia wanaoiweka dini mbele ya kusita kwao, na hili linahitaji kusemwa kwa adabu. Istikhara ni jambo jema. Rakaa mbili, dua, na moyo kuelekezwa kwa Mola. Masheikh wetu hutufundisha kwamba mtu hushauriana, huswali, kisha huliendea jambo akimwachia Mungu mwisho wake. Haikuwekwa sharti la kuota ndoto. Nimewahi kumwona kijana akiitiwa kazi nzuri bandarini Kilindini, akasema anangoja aoneshwe usingizini. Alingoja wiki tatu. Nafasi ilijazwa katika wiki ya pili. Namuomba kila aliye katika hali hiyo aende kwa sheikh wake amuulize. Naamini ataambiwa aondoke aende kazini.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo kusita kuna sababu nzito, na mtu asidharauliwe kwa hilo. Wanaofanya kazi katika ofisi za mawakala wa forodha mjini hapa wanakumbuka. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mizigo ikafuata. Mwaka 2019 likaja agizo la kwamba shehena ziende bara kwa reli. Watu wakaandamana mjini, agizo likasimamishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto alipoapishwa alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwa muda wa miaka mitano, karani wa forodha wa Mombasa hakujua kama kazi yake itabaki kisiwani au itahamia Nairobi. Nani angemlaumu kwa kuduwaa?

Lakini niliwatazama watu wa fani hiyo kwa karibu, na niliona makundi matatu. Walikuwapo waliohamia Nairobi mapema. Walikuwapo walioamua kubaki, wakageuza ujuzi wao: mmoja akaingia katika kuagiza vitambaa, mwingine akaanza kuwahudumia wauza vyombo wa Mwembe Tayari walioshindwa na makaratasi. Kundi la tatu walikaa ofisini wakisubiri serikali iseme la mwisho. Uamuzi wa kuhama ulionekana wa busara mwaka 2019 na wa hasara mwaka 2022, kwa hiyo siwezi kusema kundi la kwanza walipatia. Ninachoweza kusema ni kwamba wale wa makundi mawili ya mwanzo, hata waliokosea, walikuwa na kitu cha kuonyesha: wateja wapya, ujuzi mpya, watu waliowajua. Wa tatu walikuwa na miaka mitano iliyopotea. Wenyewe wanajua vizuri kuliko sisi jinsi kontena linavyopewa siku chache za bure bandarini, kisha likaanza kulipiwa kila siku linapolala. Uamuzi usiotolewa nao hulipiwa vivyo hivyo.

Sasa turudi dukani, maana humo ndimo nilimojifunza dawa. Muuzaji mzuri wa Biashara Street hakuonyeshi leso zote. Mwanafunzi wa kazi hutaka kumpendeza mteja, akashusha rafu nzima, kaunta ikajaa, na mama wa watu akaondoka akisema atarudi. Mzee wa kazi huuliza kwanza: ni ya nani, ni ya shughuli gani, una kiasi gani? Kisha hushusha tatu. Ukiitazama ya nne kule juu, huirudisha moja kati ya zile tatu kabla ya kuiteremsha. Mbele yako hazizidi tatu hata kidogo.

Huko Marekani watafiti wawili, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walilipima jambo kama hili na kulichapisha mwaka 2000. Katika duka moja la vyakula huko California waliweka meza ya kuonjesha jemu, mara aina 24, mara aina 6. Meza ya aina 24 ilivuta watu wengi zaidi, lakini kati ya waliosimama hapo ni takriban 3 katika kila 100 walionunua. Kwenye meza ya aina 6 walinunua takriban 30 katika 100. Tafiti zilizokuja baadaye zimeonyesha kwamba haiwi hivyo kila mahali wala kwa kila mtu, na ni haki kulisema hilo. Kwa uzoefu wangu wa kaunta, huwa hivyo hasa pale mteja alipoingia bila kujua anataka nini.

Iyengar huyo huyo, pamoja na wenzake Wells na Schwartz, mwaka 2006 walitoa matokeo mengine yanayotugusa zaidi. Waliwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Wale waliosaka kazi bora kuliko zote walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20 hivi. Pamoja na hayo, hawakuridhika na kazi walizozipata kama wenzao walivyoridhika na zao. Kwa hiyo sikwambii usitafute. Kutafuta kuna faida yake mfukoni. Nakwambia utafutaji uwe na mlango wa kufungia. Asiyeufunga hubeba zile kazi alizoziacha mgongoni hata akiwa ameketi kwenye kiti alichokipata.

Basi, jambo likija mbele yako kazini, uliza kwanza: hapa nikikosea, naweza kurudisha? Umeombwa usimamie hesabu ya stoo mwezi huu: leso haijakatwa, kubali leo. Unaambiwa ujaribu tawi la Malindi kwa miezi mitatu: haijakatwa. Uchague rangi ya bango, ubadilishe mpangilio wa rafu, umjaribu muuzaji mpya wa mifuko: hayo yote yanarudishika, na kuyawaza siku nne ni ghali kuliko kuyakosea.

Kuajiriwa kwenyewe kuna nafasi ya kurudi ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, kinachoweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi 6 mingine mfanyakazi akikubali. Yaani mwajiri amepewa muda wa kukutazama, na wewe pia unamtazama. Anayelipwa kwa mwezi akitaka kuondoka kwa utaratibu wa kawaida hutoa ilani ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wake uweke muda mrefu zaidi. Nimewaona vijana wakiikataa kazi kwa kudhani wakishaingia wamefungwa. Hawakufungwa. Someni mikataba yenu.

Mengine ni mkasi, na hapo nenda polepole. Kumdhamini mwenzako mkopo wa sacco ni mkasi. Asipolipa utakatwa wewe. Kutia sahihi hati ya forodha ni mkasi. Kuondoka kazini kwa maneno ya hasira mbele ya wateja ni mkasi, hata kama utaomba radhi kesho. Katika haya chukua siku zako, uliza, lala, uliza tena. Na nguvu ya kuyawaza haya vizuri utaipata tu ikiwa hukuimaliza kwenye rangi ya mifuko.

La pili ni tarehe. Wauza leso huhesabu kutoka Idd kurudi nyuma: Idd ni siku fulani, mzigo lazima uwe rafuni kabla ya Ramadhani kuanza, meli inachukua muda fulani, kiwanda kinachukua muda fulani, basi jina na rangi viamuliwe mwisho tarehe fulani. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko huu wa kawaida, tarehe hiyo huja mapema zaidi kila mwaka. Anayetumia kalenda ya mwaka jana amechelewa. Fanya hivyo kwa kila uamuzi. Tafuta siku ambayo jibu lako halitakuwa na faida tena, rudi nyuma, weka alama kwenye kalenda. Kisha mwambie anayengoja: "Nitakujibu Alhamisi kabla ya adhuhuri." Kuitaja siku kwa mdomo mbele ya mtu kunasaidia kuliko kuiweka moyoni.

Katika kuomba ushauri, kosa langu la ujana lilikuwa kuwauliza watu ambao hawangebeba mzigo wa jibu lao. Mama yangu ananipenda, lakini hakujua leso ipi ilidoda mwaka uliopita. Siku hizi nauliza watu wawili tu: aliyewahi kulifanya jambo hilo, na atakayeathirika nikilifanya. Nikifika wa tatu, najua naomba ruhusa ya kutoamua.

Sasa kuhusu adabu, ambayo kwetu ni jambo zito. Vijana wengi hawasiti kwa kukosa akili; wanasita kwa kuogopa kumtangulia mkubwa. Adabu hiyo inafaa, na kuna namna ya kuamua bila kumvunjia mtu heshima. Usiende kwa tajiri na swali tupu, "Tufanyeje?" Nenda hivi: "Tajiri, nimeona tuchukue ya kijani na ya manjano, kwa sababu hizi mbili. Ukiona vingine niambie kabla ya saa kumi, la sivyo nitampigia wakala." Umemwachia neno la mwisho, na umemwondolea kazi ya kuwaza. Fanya hivyo mara kumi na utaona jinsi anavyobadilisha namna ya kukuita.

Uwe na kidaftari. Andika ulichoamua, sababu yake, na ulichotarajia. Baada ya miezi mitatu kisome. Utakuta makosa uliyoyaogopa mengi hayakutokea, na yaliyotokea hukuyawaza kabisa. Hakuna kinachotuliza moyo kama kuliona hilo kwa mwandiko wako mwenyewe.

Jambo moja nitenge kando. Ukiletewa ankara isiyo ya kweli uitie sahihi, na mkono ukawa mzito, usijilaumu kwamba unasita. Huo mkono umeshaamua. Kilichobaki ni kusema hapana kwa sauti. Na kama kushindwa kuamua kumefika mahali hulali, huli, na hata nguo ya kuvaa asubuhi inakutoa machozi, hilo limezidi ushauri wa makala. Mwone daktari, bila aibu yoyote.

Kwenu matajiri na wakubwa wa ofisi nina neno, maana nusu ya wasitao mnawatengeneza nyinyi. Duka ambalo mfanyakazi hawezi kupunguza shilingi kumi bila kupiga simu litakuwa na wafanyakazi wasioweza kuamua chochote, na siku mkiwa safarini au hospitalini duka litasimama. Mpeni kila mtu kiwango: punguza mpaka shilingi mia bila kuniuliza; nunua mpaka elfu tano bila kuniuliza; zaidi ya hapo njoo. Akikosea ndani ya kiwango hicho, lieni hasara pamoja naye mara moja, mcheke, yaishe. Tajiri wangu alilijua hili. Nami ningependa, na hili namtolea kwa heshima zote, angeniita siku ile ya Alhamisi akaniambia kwa nini sampuli zimeondoka. Maneno matatu tu yangeniokolea miaka. Kama unaye kijana mwema ambaye umeacha kumuuliza, mwite umwambie.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, bila shaka kuna mtu mmoja umemwambia utamjibu, na wiki imepita. Labda ni nafasi uliyopewa, labda ni mzigo wa kuagiza, labda ni kijana anayengoja kujua kama ana kazi. Itazame leso hiyo. Kama haijakatwa, mpigie simu leo kabla ya alasiri, umpe jibu.